Nilimlipia Mume Wangu Asiende Msaragambo

Bi Gudlaug mpendwa, shikamoo. Kwanza naomba unisamehe kwa kuchelewa kukuandikia, maana barua hii nimekuwa nikiiandika kichwani tangu theluji ya kwanza ilipoanguka, naianza nikiwa nanyonyesha, naiacha nikiwa nabadilisha nepi, naikuta tena nikiwa napanga viatu vya watu mlangoni, na kila nikisema leo nakaa niandike, mtoto anaamka. Sasa hivi amelala kwenye kigari chake hapo nje chini ya dirisha, kama wanavyolazwa watoto wa huku, nimemfunika vizuri, namwona kwa hapa nilipo, kwa hiyo naandika haraka, na ukikuta nimeruka jambo ujue ni yeye kajigeuza. Naomba msaada wako, na naomba unifikie kabla ya mkutano mkuu wa klabu yetu, maana ukija baada ya hapo hautanifaa kitu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Ylva ambaye yuko chekechea na Brage ambaye bado hajafikisha mwaka, na mume wangu nitamwita Audun, ingawa silo jina lake, na atakayetujua atatujua tu. Sisi ni wanachama wa klabu ya njia za baiskeli za mlimani hapa Granlia, na klabu yetu inaendeshwa kama zinavyoendeshwa zote za huku, kila nyumba inalipa ada ya mwaka, ambayo si kubwa, na juu ya ada kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kwenye msaragambo, siku mbili kwa msimu, aende msituni na koleo azibue mitaro, amwage changarawe pale maji yalipoila njia, apigilie mbao za madaraja ya kwenye kinamasi. Nyumba isiyotaka kutoa mtu inaruhusiwa kulipa ada ya pili. Kwenye kanuni inaitwa mchango wa badala, lakini hakuna anayeiita hivyo, watu wanaiita hela ya uvivu, na anayeilipa hatukanwi hata kidogo, sisi si watu wa kutukanana, ila kwenye mkutano mkuu mwenyekiti anamtaja jina, anamwomba asimame, na ukumbi mzima unampigia makofi kwa kutusaidia kwa pochi. Ukitaka kujua makofi hayo yakoje, mwaka juzi alipigiwa daktari wa meno, na msimu uliofuata alikuja na koleo jipya, bei yake bado imebandikwa, akachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Mume wangu ndiye msimamizi wa msaragambo. Ndiye anayewapigia watu simu kuwakumbusha, ndiye mwenye funguo za banda la vifaa, na ule msemo uliopakwa rangi juu ya mlango wa banda, "Pesa haishiki koleo," ni wake, aliusema mkutanoni mwaka ule wa daktari wa meno na watu wakaupenda wakauandika. Sasa Bi Gudlaug, sikia nilichofanya. Hela ya uvivu ya nyumba yetu nimeilipa. Nimemlipia yeye. Yeye hajui.

Usinifikirie vibaya, na yeye usimfikirie vibaya, Audun ni mtu mwema, ndiyo maana ni vigumu kumlalamikia. Hanywi, hapigi kelele, mshahara wake naujua, na jirani akikwama na gari kwenye theluji yeye ndiye wa kwanza kutoka na koleo. Mama mkwe wangu nilipojaribu kumgusia alicheka akasema, "Weee, wenzako waume zao wako kwenye sofa, wa kwako yuko msituni anajenga, unataka wa aina gani tena?" Nikamwongezea kahawa. Lakini Audun haendi siku mbili tu kwa msimu, yeye ni msimamizi, anaenda Jumamosi zote. Ardhi ikikauka anaenda kuchimba. Mvua ikinyesha anaenda kuangalia maji yanapita wapi, na isiponyesha anaenda kwa sababu haijanyesha. Theluji ikishika anavaa viatu vya theluji anaikanyaga njia yote ishikamane ili wenye baiskeli za matairi manene wapite, na usiku mmoja ikianguka nyingine anarudi kuikanyaga upya. Na huku nyumbani mfereji wa bati wa paa letu unaning'inia tangu nikiwa na mimba ya Brage, maji yote ya paa yanamwagika mlangoni, tunaruka dimbwi kila tunapoingia ndani, na hiyo ndiyo nyumba ya mtu ambaye bonde zima linamsifu kwa kujua kuyaongoza maji.

Siku moja alikuwa anavaa gambuti nikamwambia, "Audun, leo baki." Akasema, "Siwezi mpenzi, watu wananingoja." Nikamwambia, "Hata huku kuna watu wawili wananingoja mimi, na hakuna hata mmoja anayejua kujifuta." Akacheka sana, akanibusu, akasema hiyo lazima awasimulie wenzake, akaenda. Na kweli aliwasimulia, maana jioni mke wa mwenyekiti alinitumia ujumbe wa kicheko. Siku hizi Ylva ana mchezo wake, anavaa buti zangu zinazomfika mapajani, anamweka mwanasesere wake kwenye sinki, anamwambia, "Siwezi mpenzi, watu wananingoja," halafu anatoka anafunga mlango. Audun aliuona mchezo huo akaupiga picha.

Na jambo moja watu wamelisahau, Bi Gudlaug, hata mimi nilikuwa karibu kulisahau, ni kwamba kwenye klabu mimi ndiye niliyetangulia. Audun nilimkuta kwenye msaragambo, mimi nikiwa juu na sururu, yeye mgeni amepewa toroli, anaipandisha inamrudisha nyuma, na mimi nikamwambia, "Kaka, toroli inavutwa, haisukumwi, unataka ikuue?" Ile kona ya mawe pale juu ya kinamasi, ambayo watu wanatoka mbali kuja kuiteremka, niliipanga mimi, jiwe kwa jiwe. Tangu Ylva azaliwe sijaiteremka hata mara moja. Kwa kuwa kila nyumba inatoa mtu mmoja, anatoka yeye, na mimi naoka vaffel, zile keki bapa zenye vijishimo, za wao kula na jamu saa ya kahawa. Naoka rundo, nazifunga kwenye kitambaa cha jikoni zisipoe, anazibeba, zinaliwa huko, anarudi na kitambaa.

Mwezi wa kwanza alirudi kutoka bandani amefurahi, akaniambia tatizo la ile baiskeli ya klabu ya kuazimisha wageni limekwisha, ile iliyokuwa imepinda gurudumu la mbele. Nikamuuliza gurudumu mmelipata wapi. Akasema, "Si lile la kwako? Baiskeli yenyewe imening'inia tu, haitumiki." Nikasema, "Ah, haina shida." Ndivyo nilivyosema, Bi Gudlaug, kwa mdomo wangu huu. Kisha nikaenda stoo nikaiona baiskeli yangu kwenye ndoano, haina gurudumu la mbele, imekaa kama kuku aliyenyonyolewa upande mmoja, nikasimama pale naitazama mpaka nikasikia mtoto analia. Wiki ileile akasema mezani kwamba likizo yake ya uzazi, ile zamu ya baba ya kukaa na Brage mimi nitakaporudi kazini, itatosha kabisa kulimaliza daraja jipya la kinamasini, Brage atalala kwenye kigari pembeni, hewa safi hiyo. Nikasema tena haina shida. Halafu ukaja ujumbe wa ada kwenye simu yangu, maana ada za nyumba nalipa mimi, na chini yake kuna mahali pa kubonyeza, tutatoa mtu, au tutalipa. Nikabonyeza tutalipa. Ile hela nilikuwa nimeiweka ya kuwanunulia watoto mavazi ya mvua ya masika. Na niseme ukweli, nilijisikia vizuri kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, niliwaza basi, amekwishalipiwa, sasa hadaiwi na mtu, atakaa nyumbani. Kahawa ilipoisha nikaona ujinga wangu wote.

Juzi asubuhi akanipigia Herborg, mweka hazina wa klabu, mama mtu mzima aliyestaafu posta. Akasema, "Mama Ylva, hapa kuna kitu sikielewi. Naona nyumba ya Audun imelipa ya uvivu. Umekosea kubonyeza, siyo?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Herborg amekaa na barua za watu maisha yake yote, kunyamaza anakujua. Halafu akasema, "Haya. Mimi sijaona kitu. Ukiniambia nirudishe, narudisha, na hakuna atakayejua. Usiponiambia, jina linaenda kwa mwenyekiti na mengine, na unamjua yule, anasoma chochote alichowekewa mbele. Ila nikuulize, mdogo wangu, ulikosea au hukukosea?" Nikamwambia ngoja mtoto analia. Hakuwa analia.

Sasa ndiyo niko hapo. Nikisema nilikosea, hela inarudi, mambo yanakaa kimya, na masika naoka vaffel kama kawaida, na nitaendelea kusema haina shida mpaka Brage aote ndevu. Nisiposema, mume wangu atasimamishwa mbele ya ukumbi mzima, msimamizi wa msaragambo mwenyewe, apigiwe yale makofi, na wote wanaujua ule msemo wake. Nampenda, Bi Gudlaug. Akiona haya masikio yake yanaiva kama ya mtoto, na sitaki yaive kwa ajili yangu. Lakini siwezi tena kurudi nyuma kule nilikokuwa, nimejaribu, miguu haitaki. Hela irudi au isirudi? Nimwambie au nifanyeje? Nijibu kama ambavyo ungemjibu mwanao. Brage amejigeuza, naishia hapa.

Mimi Mama wa Vaffel, Granlia

BI GUDLAUG ANAJIBU

Marahaba, Mama wa Vaffel. Umetaka jibu kabla ya mkutano, kwa hiyo hili nimekutumia kwa posta, na gazetini halitatoka mpaka ukumbi umeshafagiliwa. Kuhusu kukufichia jina nimefanya ninachoweza, lakini bonde letu lina banda moja tu lenye maandishi juu ya mlango.

Nianze na pole, kwa sababu unastahili, kisha nitakugombeza, kwa sababu hilo nalo unalistahili.

Umechoka, na uchovu wako ni wa haki. Nyumba yako inatoa watu wawili kwenye msaragambo, mmoja anaonekana na mwingine anarudishiwa kitambaa. Nayajua hayo. Marehemu mume wangu alijitolea kwa bendi ya matarumbeta ya shule, na karatasi za chooni za kuuzwa ili kuichangia bendi zilijaa kwenye korido yetu mpaka darini. Yeye alipewa nishani. Aliyezunguka kubisha hodi milango ya watu kuziuza ni mimi. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu, kama wako naye asivyo mbaya. Alikuwa anakimbilia mahali ambapo kazi inaisha. Mtaro ukiuzibua umezibuka, watu wanakushika mkono, mnakunywa kahawa mkiutazama. Mtoto ukimfuta anajichafua tena palepale, na hakuna anayekuja kukupongeza. Wanaume wengi wema wamehamia kwenye kazi za kujitolea kwa sababu hiyo tu, na wanawake wema wamewafungia vaffel.

Pole imeisha. Sasa kaa vizuri.

Mumeo umemwambia mara ngapi kwamba huridhiki? Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta. Mara moja ulimwambia abaki, ukalivika ombi lako utani, akacheka, na alikuwa na haki ya kucheka kwa sababu ulikuwa utani mzuri, hata mimi nimecheka. Alipong'oa gurudumu lako ukasema haina shida. Alipoigawa likizo ya mtoto ukasema haina shida. Neno hilo limevunja nyumba nyingi bondeni humu kuliko pombe, na linatamkwa na watu waliojifuta machozi vizuri. Kisha lile uliloshindwa kumwambia mume ukaenda kukiambia kitufe cha simu! Na hela ya koti la mvua la mtoto, mwanangu! Mume hanunuliwi kutoka msituni kama kondoo aliyepotea.

Na baya zaidi ni kwamba ulichokilipia sicho unachokitaka. Soma mwenyewe ulivyoandika. Maneno yako mazuri kuliko yote katika barua nzima ni ya sururu, na ya toroli, na ya kona ya mawe. Wewe hutaki mumeo asiende msituni. Wewe unataka kwenda. Hayo ni maombi mawili tofauti, na umelipia lile lisilokuwa lako.

Basi fanya hivi. Hela usirudishiwe. Herborg amekuonyesha mlango wa nyuma kwa wema wake, mshukuru, lakini usiupite, maana ukiupita leo utakuwa ndio mlango wako wa kila siku. Hata hivyo, kumwacha mumeo akasikie jina lake ukumbini ni ukatili, na wewe si mkatili, ungekuwa mkatili usingehangaika kuniandikia. Kwa hiyo mwambie kabla. Usimwambie akiwa anavaa gambuti. Mwambie mmekaa, watoto wamelala, simu zote mbili ziko chumba kingine, na neno la kwanza liwe la gurudumu, la hela lije nyuma. Sema hivi: "Ulichukua gurudumu langu bila kuniuliza, nikasema haina shida, na ilikuwa na shida." Halafu nyamaza kama Herborg. Usicheke wala usitanie, na tafadhali usimwongezee kahawa.

Jumamosi inayofuata chukua koleo uende msituni wewe. Hata kama hakuna msaragambo, mitaro ya maji ya theluji haikosi kazi. Usiache chakula kwenye vyombo vyenye maelekezo. Usimtolee nguo za watoto ukazipanga kitandani. Mtu anayeweza kuwapanga watu wazima na matoroli kwenye mlima mzima hashindwi kutafuta soksi. Akikupigia kuuliza nepi ziko wapi, mwambie ziko pale zinapokaa, kata simu. Ukirudi ukakuta nyumba imepinduka, usiiinue, kaa ule. Na mfereji wa bati usimtajie kabisa. Mwache yeye na dimbwi washinde pamoja siku nzima, watasemezana.

Mkutanoni nendeni nyote, na watoto. Siku hiyo usioke chochote, waone mkutano usio na vaffel unavyokuwa. Jina la nyumba yenu likitajwa, simama wewe. Hela ni yako, makofi ni yako, yapokee mgongo umenyooka, halafu usikae. Mwanachama aliyekwishasimama ana ruhusa ya kusema. Waambie kwamba nyumba yenye mtoto haiwezi kutoa mtu mmoja bila kumfunga mwingine ndani, na kwamba kanuni yao inamhesabu aliyetoka tu. Pendekeza kila msaragambo uwe na mtu wa zamu wa kukaa na watoto palepale msituni, na zamu hiyo ihesabike sawa na koleo. Usiombe radhi mwanzoni wala mwishoni. Sema kwa ufupi, tena karibu na saa ya kahawa, kwa maana klabu za huku saa hiyo hupitisha lolote.

Kuhusu likizo ya baba, daraja lisubiri. Brage hajajiunga na klabu yoyote.

Na mwisho, gurudumu lako lidai. Mume unayempenda unaweza kumsamehe mengi, na ni vizuri, lakini baiskeli haiendeshwi kwa msamaha.

Mama wa Vaffel ameandika tena baada ya mkutano, na ameturuhusu kuichapa barua yake:

Bi Gudlaug, safari hii sijachelewa.

Nilimwambia. Nilianza na gurudumu kama ulivyoniagiza, nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Akasema, "Lakini si ulisema haina shida?" Nikasema, "Nilisema." Akakaa. Akasema, "Baiskeli ya klabu tumeshaiazimisha. Hata sijui iko kwa nani." Hapo masikio yakaiva, haikuhitaji ukumbi. Ya hela alipoisikia alicheka kwanza, kisha hakucheka tena. "Umelipa ili nikae nyumbani?" "Ndiyo." "Ungeniambia ningekaa bure." "Usingekaa." "Nisingekaa," akasema.

Jumamosi nikaenda. Nilizibua mitaro mpaka mikono ikawa inatetemeka kushika kikombe, na alipopiga simu ya nepi nilikata, ingawa roho iliniuma. Niliporudi nilikuta ngazi imeegemea ukutani, mfereji wa bati umepigiliwa, na Ylva yuko ndani ya dimbwi na kijiko cha supu, anayachimbia maji yaliyobaki mtaro, baba yake amembeba Brage anamwelekeza pa kuchimba. Wote watatu wamelowa. Chakula hakikuwepo. Tukala mkate na jibini ya kahawia.

Mkutanoni mwenyekiti alipoitaja nyumba yetu hakuna aliyepiga makofi, walidhani amesoma vibaya. Nikasimama. Basi yule daktari wa meno akaanza kupiga peke yake, akapiga kwa nguvu, na hayakuwa yale makofi ya kawaida. Nikasema yangu. Mtu mmoja kule nyuma akauliza, "Sasa nani atakuwa anaoka?" Herborg akamjibu bila kugeuka, "Kwani wewe mikono umeiazimisha?" Hoja ikapita kabla ya kahawa, ambayo tulikunywa na biskuti za dukani. Audun alinyanyua mkono wake kati ya wa kwanza, na nilimtazama, hakuwa ananionea huruma, alikuwa anapiga kura.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano tunaanza daraja la kinamasini, chini ya ile kona ya mawe, na msimamizi wa siku hiyo ni mimi. Audun amejiandikisha zamu ya kwanza ya watoto. Kwa kuwa safu yako inasomwa bonde zima, naomba niitumie kidogo. Mbao zipo, misumari ipo, changarawe imeshamwagwa. Ninavyohitaji bado niletewe bandani ni hivi: sururu moja yenye mpini mzima, glovu za kazi za mikono midogo, maana zilizopo kila moja inanimeza mpaka kiwikoni, hema la mvua la kulazia watoto, lisilo na matundu, chuma cha kuokea vaffel pamoja na mtu wa kukitumia, kwa sababu changu kinabaki nyumbani, mtu wa zamu ya pili ya watoto, asiwe mama wa mtoto yeyote aliyemo hemani, na gurudumu la mbele la baiskeli yangu, inchi ishirini na tisa, lina alama ya rangi ya bluu kwenye ukingo, ambalo kwa sasa limefungwa kwenye baiskeli ya klabu ya kuazimisha, popote ilipo.